Kichwa cha Mmoja, Kiwiliwili cha Mwingine

Juni 2002, katika mnada wa Christie's jijini London, sanamu ya marumaru ya Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi, ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 7.9. Bei hiyo iliweka rekodi kwa sanamu ya kale ya marumaru, na mnunuzi alikuwa Sheikh Saud Al-Thani wa Qatar. Kichwa alichokilipia hakikuwa cha Venus huyo.

Katika karne ya 18, Gavin Hamilton, mchoraji wa Uskoti aliyekuwa akiuza vitu vya kale mjini Roma, aliipata sanamu hiyo kwenye jumba la ukoo wa Barberini. Haikuwa na kichwa, na mikono ilikuwa imekatika. Matajiri wa Kiingereza waliokuwa wakizuru Italia hawakutaka kigutu sebuleni. Walitaka mungu mzima. Kazi ikamwangukia Pietro Pacilli, fundi wa kukarabati sanamu zilizovunjika.

Fundi wa enzi hizo alianza kwa kuharibu. Palipovunjika pana meno na mabonde, na kipande kipya hakikai hapo, kwa hiyo alipachonga kwa patasi hadi pawe bapa. Akatoboa kwa keekee pande zote mbili, akapitisha pini ya chuma, akaikaza kwa risasi iliyoyeyushwa. Ufa akauziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa marumaru. Udhaifu wa njia hii hujitokeza baadaye: chuma kikipata unyevu hushika kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kutoka ndani.

Kichwa ndicho kilichotaka ujanja zaidi. Pacilli alichukua kichwa cha kale cha sanamu nyingine, ya mwanamke aliyejitanda ushungi. Venus aliye uchi hajitandi, basi ushungi ukaondolewa kwa patasi.

Ilibaki rangi. Marumaru mpya hung'aa, ya kale imefifia. Mafundi wengi walisugua sanamu nzima hadi vyote vikalingana. Kiungo kikafichika, na pamoja nacho zikapotea alama za patasi ya Mrumi.

Dalali Thomas Jenkins alimuuzia tajiri wa Kiingereza William Weddell sanamu hiyo mwaka 1765, kwa bei iliyofanywa siri. Weddell akaiweka kwenye jumba lake la Newby Hall, Yorkshire, katika ukumbi uliosanifiwa na Robert Adam.

Miaka ya 1960, jumba la makumbusho la Glyptothek mjini Munich liliviondoa viungo ambavyo mchongaji Thorvaldsen alikuwa ameziongezea sanamu za kale za Kigiriki kutoka kisiwa cha Aegina, ili kibaki cha kale peke yake. Venus wa Newby hakufanyiwa hivyo. Angebanduliwa kazi ya Pacilli, mnadani kingefika kiwiliwili kimoja kati ya vingi vya aina yake. Waliopandishana bei mwaka 2002 waligombea pia karne ya 18: patasi ya Pacilli, ukumbi wa Adam, na jina la Jenkins, ambalo sanamu hiyo inaitwa kwalo hadi leo.