Mlalamikaji Yuko Wapi Katika Sheria ya Elimu ya Juu?

Jirani yangu wa bweni, aliyenitangulia kwa mwaka mmoja, alikosa alama za somo moja la mwaka wa pili. Mtihani aliufanya, jina na saini yake vimo katika orodha ya mahudhurio. Mhadhiri wa somo hilo aliondoka chuoni, karatasi hazikuonekana tena, na kwenye matokeo yake pakabaki nafasi tupu. Mkuu wa idara alimwelekeza kwa msajili, msajili akamrudisha idarani. Mahafali yakapita. Wenzake walivaa majoho, yeye akarudi Koboko kumsaidia mama yake dukani.

Aliponiomba tuandike pamoja barua kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, nilikubali upesi, kwani nilidhani wanafunzi tuna chombo huru cha kutuamulia. Ndipo nikaisoma sheria yenyewe.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 kinalipa Baraza kazi nyingi. Miongoni mwake limo jukumu la kupokea na kuchunguza malalamiko yanayohusu taasisi za elimu ya juu na kuchukua hatua zinazofaa. Ni mstari mmoja tu. Hausemi mlalamikaji ajibiwe ndani ya siku ngapi, wala kwamba apewe sababu kwa maandishi, wala kwamba hatua hiyo “inayofaa” imfae yeye. Tazama pia maneno yenyewe: malalamiko yanahusu taasisi. Mwanafunzi hatajwi. Kwa msimamizi wa vyuo, barua ya jirani yangu ni habari kuhusu chuo. Kwa jirani yangu, ni shahada yake.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Busoga unaonyesha ninachomaanisha. Mnamo Desemba 2017 Baraza lilikifutia leseni, baada ya kubainika kuwa kilitoa shahada bila kufuata taratibu, nyingi zikiwa za wanafunzi kutoka Sudani Kusini. Siwalaumu kwa uamuzi huo. Nisingependa wadogo zangu wafundishwe na mtu mwenye shahada ya namna hiyo. Lakini waliokuwa wakisoma kwa haki nao walijikuta hawana chuo. Baraza linaweza kukifungia chuo mlango. Alama moja iliyopotea inahitaji mkono mwepesi zaidi.

Wenzangu wengi husema tatizo ni uhuru wa Baraza, kwa sababu sheria inawaweka humo wawakilishi wa makamu wakuu wa vyuo. Mimi sidhani kuwa kidonda kikuu kiko hapo. Uingereza na Wales wana ofisi ya msuluhishi huru wa malalamiko ya wanafunzi, inayogharimiwa na ada za vyuo vyenyewe, na mwanafunzi halipi kitu. Utaratibu wa ndani ukifika mwisho, chuo humpa barua inayosema umefika mwisho, naye ana miezi 12 ya kwenda kwa msuluhishi. Ofisi hiyo ina kasoro zake: haigusi maamuzi ya kitaaluma, kwa hiyo anayedai alistahili alama ya juu zaidi hatapata kitu. Karatasi zilizopotea, hata hivyo, si suala la uamuzi wa kitaaluma. Na ile barua ya kufunga shauri ndiyo hasa ambayo jirani yangu hajaipata. Hakuna aliyewahi kumwambia “hapana”. Ameambiwa “rudi wiki ijayo”.

Kwenda mahakamani nako kuna mtego. Mahakama Kuu ipo hapa Arua, lakini kanuni za mwaka 2009 zinataka maombi ya kupitia uamuzi wa chombo cha umma yaletwe ndani ya miezi mitatu, na marekebisho ya mwaka 2019 yanamtaka mwombaji kwanza amalize njia nyingine zilizopo. Akingoja idara na msajili wamalize kurushiana faili, miezi mitatu itakuwa imekwisha zamani.

Makao makuu ya Baraza yako Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Najua barua husafiri kwa baruapepe, ila faili lililolala haliamshwi kwa baruapepe. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi Arua. Inspekta Mkuu wa Serikali pia. Kwa hiyo umbali si amri ya Mungu.

Barua yetu tumeiandika mara tatu. Rasimu ya kwanza ilijaa hasira na iliomba chuo kiadhibiwe, hilo tumelifuta. Sasa inaomba mambo mawili: chuo kiseme kwa maandishi karatasi ziko wapi, na kama hazipo, jirani yangu apewe mtihani mwingine kabla ya mahafali yajayo. Tumeambatanisha nakala ya orodha ya mahudhurio, na saini yake tumeizungushia wino mwekundu.