Robo Tatu ya Pigo: Dilei Kama Mpiga Gitaa wa Pili

Albamu ya The Joshua Tree, iliyotolewa na bendi ya U2 ya Ireland mwaka 1987, inafunguliwa na wimbo "Where the Streets Have No Name". Kinanda kinatanda peke yake kwa muda, kisha gitaa la The Edge, mpiga gitaa wa bendi hiyo, linasogea taratibu kama mtu anayekuja kutoka mbali, noti sita zikizunguka na kurudi. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili, au kwamba huyo mmoja ana vidole vyenye kasi ya cherehani. Mpigaji ni mmoja, na mkono wake wa kulia haukimbii kama tunavyodhani. Nusu ya kile tunachosikia kinapigwa na dilei.

Nimeuchagua wimbo huu kwa sababu unaonyesha wazi jambo ambalo wengi wetu tunalikosa tunaponunua pedali ya maltiefekti. Tunawasha dilei, tunaongeza mwangwi mpaka masikio yaridhike, na chumbani sauti inapendeza kweli. Tukifika jukwaani, ngoma na besi zikianza, gitaa linageuka uji. Tunalaumu pedali, tunalaumu spika, pengine na fundi mitambo. Kosa huwa dogo zaidi: dilei haikuambiwa wimbo unakwenda kwa mwendo gani.

Dilei hufanya kazi moja tu. Inachukua sauti ya gitaa, inaishikilia kwa muda uliopangwa, kisha inairudisha. Vitufe vyake vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni muda, unaopimwa kwa milisekunde. Cha pili ni fidibeki, kinachoamua mwangwi urudi mara ngapi kabla ya kufa. Cha tatu ni miksi, yaani mwangwi uwe na nguvu kiasi gani ukilinganishwa na sauti uliyoipiga. Vitufe viwili vya mwisho unaweza kuviweka kwa sikio. Cha kwanza kinadai hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dakika moja ina milisekunde 60,000. Gawanya idadi hiyo kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata urefu wa pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500. Sasa chukua robo tatu ya hapo: 375. Hiyo ndiyo siri ya The Edge, ingawa hakuwa wa kwanza kuitumia. David Gilmour wa Pink Floyd alijenga "Run Like Hell" juu ya mgawanyo huohuo mwaka 1979. "Where the Streets Have No Name" unakwenda kwa takriban mapigo 126, hivyo robo tatu ya pigo lake ni kama milisekunde 357.

Kwa nini robo tatu, wala si nusu au pigo zima? Chukua karatasi uchore mstari wenye vyumba 16, vinne kwa kila pigo. Piga noti katika vyumba vya 1, 3, 5, 7 na kuendelea, yaani noti mbili kwa kila pigo. Huo ni mwendo ambao hata anayejifunza anaumudu. Dilei ya robo tatu inarudisha kila noti baada ya vyumba vitatu. Noti ya chumba cha 1 inarudi cha 4, ya cha 3 inarudi cha 6, ya cha 5 inarudi cha 8. Wewe umeshika namba witiri, mashine imeshika namba shufwa, na vyumba vyote vimejaa. Ungeweka dilei ya nusu pigo, mwangwi ungeangukia palepale unapopiga, ukaongeza unene tu bila kuongeza mwendo.

Kuna tunda la pili, na kwangu ndilo tamu zaidi. Noti inayosikika katika chumba cha 4 ni ile uliyoipiga katika chumba cha 1, lakini sasa imekaa katikati ya noti ya 3 na ya 5. Jirani zake wamebadilika. Ukipiga noti za juu na za chini kwa kupishana, sikio linazisuka upya na kusikia mstari wa muziki ambao mkono wako haukuupiga kamwe.

Waganda wanaijua siri hii tangu zamani bila umeme. Kwenye amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda, wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja anapiga mstari wake kwa mwendo sawa, mwenzake anaingiza noti zake katikati kabisa ya noti za yule wa kwanza. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mpiga ala wa kasri ya Kabaka, aliandika kuhusu nyimbo zinazozaliwa humo sikioni, ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Dilei iliyopangwa kwa robo tatu ya pigo inafanya kazi ya yule mpigaji anayekaa upande wa pili. Tofauti ni kwamba mwenzako huyu hakusikilizi. Anarudia ulichosema, kwa wakati aliopangiwa, hata ukikosea.

Tuje kwenye vifaa. Katika rekodi za mwanzo za U2, The Edge alitumia Memory Man Deluxe ya Electro-Harmonix, pedali ya analogi. Ndani yake sauti hupita kwenye msururu wa kapasita, kila moja ikimpokeza jirani yake, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuelekea kwenye moto. Njiani maji humwagika kidogo: mwangwi unapoteza ukali wa juu na kuwa laini kila unaporudi. Baadaye, katika miaka ya 1980, alihamia Korg SDD-3000, mashine ya kidijitali yenye mwangwi safi zaidi, unaoweza pia kutikiswa kidogo ili usifanane kabisa na noti ya mwanzo.

Maltiefekti ya leo inabeba tabia hizo zote kwenye kisanduku kimoja, kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukitaka mwangwi ukae nyuma ya noti zako, chagua dilei ya analogi au ya tepu. Ukitaka ushindane nazo sawa kwa sawa, chagua ya kidijitali, kisha punguza ukali wake wa juu kidogo. Kwa mtindo huu miksi huwa juu, mwangwi ukikaribia nguvu ya noti yenyewe, kwa sababu unafanya kazi ya mpigaji na haukuwekwa kama pambo. Fidibeki huwa chini: mwangwi mmoja hadi mitatu unatosha.

Angalia pia mpangilio wa efekti. Mara nyingi kompresa hutangulia, ikifuatiwa na ovadraivu au distosheni, kisha dilei, na rivabu mwishoni. Dilei ikitangulia distosheni, kila mwangwi unaingia kwenye distosheni ukiwa umeshikamana na noti mpya, na vyote viwili vinasagwa pamoja. Ikifuata nyuma yake, kila noti inasagwa peke yake, kisha inarudi ikiwa nzima. The Edge mwenyewe huingiza dilei mbele ya amplifaya yake ya Vox AC30, lakini ile huikwaruza sauti kidogo tu, na ukwaruzaji huo mdogo unaunganisha noti na mwangwi bila kuvizamisha.

Kikwazo cha jukwaani ni mpiga ngoma. Umepanga milisekunde 375 kwa mapigo 120, naye kwa msisimko amefika 124. Sasa robo tatu ya pigo ni 363. Umechelewa kwa milisekunde 12, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya chumba kimoja, na sikio linasamehe. Lakini mwangwi wa pili unachelewa kwa 24, wa tatu kwa 36, na hapo wimbo unaanza kuchechemea. Ndiyo maana fidibeki ndogo ni kinga. Kinga nyingine ni kitufe cha tempo: pedali nyingi hukuruhusu kukanyaga mapigo mawili au matatu kwa mguu nayo ikapiga hesabu, mradi umeiagiza mapema itumie robo tatu. Kanyaga ukifuata snea, usifuate mkono wako.

Kwa bendi ya dansi yenye gitaa moja la solo na isiyo na mpiga ridhimu, njia hii ina thamani ya pekee. Magitaa ya dansi yanaishi kwa kupishana, solo ikiingia pale ridhimu ilipoacha nafasi. Dilei inaweza kushika nafasi hiyo, kwa sharti kwamba mpigaji akubali kupunguza. Mpigaji aliyezoea kujaza kila chumba mwenyewe atakuta mwangwi unamgonga kila anapogeuka. Aanze na noti mbili kwa pigo, asikilize kile kinachorudi, ndipo achague ya tatu.

Jipime hivi. Rekodi kipande chako dilei ikiwa imewashwa, kisha kipige tena ikiwa imezimwa. Katika rekodi ya pili unapaswa kusikia mapengo, kama mazungumzo ya simu unapomsikia mtu wa upande mmoja tu. Kama wimbo umekamilika hata bila dilei, basi hukumwachia mwenzako nafasi ya kusema.