Nani huruhusiwa kulia kwa Kiswahili katika filamu zetu?

JUMAMOSI moja jioni niliketi kwenye benchi la mbao katika kibanda cha video hapa Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, nikitazama Nairobi Half Life kwa mara ya nne au ya tano hivi. Kiingilio ni Sh20. Mwenye kibanda huniita Japuonj, yaani mwalimu, na siku hiyo alikuwa amekubali ombi langu la kuweka filamu ya Kenya badala ya zile za mapigano ambazo DJ Afro huzisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Vijana walinung’unika. “Prof, hiyo si ni ya kitambo?” mmoja aliuliza. Lakini Oti alipotokea, kimya kikatanda. Kijana aliyeketi kando yangu akanong’ona: “Huyo Oti ni wetu, na hakuna mtu anamcheka.”

Nimeitafakari kauli hiyo kwa majuma kadhaa. Kijana yule hakusomea uhakiki wa filamu, ila aligusa jambo ambalo sisi tulio vyuoni hulipita tukiwa tumefumba macho. Katika filamu na vipindi vyetu vya televisheni, lugha zimegawiwa kazi. Kiingereza kimepewa mapenzi, mali na fikra. Kiswahili sanifu kimepewa hakimu, mhubiri na msomaji wa taarifa ya habari. Sheng imepewa wezi. Na Kiswahili chenye lafudhi ya mtu wa Ziwa, wa Magharibi au wa Mlimani kimepewa kicheko. Mimi ni mpenzi wa filamu tangu ujana, na nikiulizwa leo ni mwelekezi yupi ninayempenda, kipimo changu ni kimoja tu: je, anauvunja mgawanyo huu au anaurudia?

Wacha nieleze istilahi kabla sijaendelea. Nasema “mwelekezi” kwa mazoea ya Kenya. Watanzania husema “mwongozaji”, na sina ugomvi nao. Ninalolikataa ni “mkurugenzi wa filamu”. Mkurugenzi hukaa ofisini akatia saini hundi. Mwelekezi husimama karibu na kamera akatazama na kusikiliza. Kuhusu kutazama, waelekezi wetu wamepiga hatua kubwa. Kuhusu kusikiliza, ndipo penye kazi.

Tuanzie nyumbani. Waliokua wakitazama KBC wanamkumbuka Mzee Ojwang’ wa Vitimbi. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki 2015, hakuwa Mluo. Alikuwa Mkikuyu aliyeiga lafudhi yetu kwa ustadi uliotushangaza hata sisi wenyewe. Dholuo haina sauti “sh” wala “z”, kwa hivyo mzungumzaji wake akikutana na “shida” huenda akasema “sida”, na “shamba” likawa “samba”. Taifa zima lilicheka, nami nilicheka. Simlaumu Wanjau hata kidogo, maana Ojwang’ wake alikuwa mtu kamili, mwenye hila zake na utu wake. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi lafudhi hiyo haikupewa kazi nyingine yoyote kwenye televisheni.

Na kicheko hicho hakikuishia kwenye televisheni. Nikiwa mwanafunzi wa sekondari nilisimama darasani kusoma kwa sauti, nikatamka “sule” mahali pa “shule”. Darasa likaangua kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza. Mimi nilikasirika nikajifunza “sh” kwa hasira, na hasira hiyo ikanifikisha kwenye uprofesa wa Kiswahili. Wenzangu kadhaa waliamua tu kunyamaza. Hadi leo wanazungumza Kiswahili sokoni, lakini wakiwa na jambo zito huhamia Dholuo au Kiingereza.

Ndiyo maana Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman ina nafasi ya pekee moyoni mwangu. Abila, mvulana wa Kibera, anamkuta babake hoi, akidai kwamba roho yake imeibwa. Mvulana anamwendea Nyawawa, naye anampa majaribio saba ya kuikomboa roho hiyo. Sasa, huku kwetu ufuoni, nyawawa ni pepo wapitao usiku, na watu hupiga masufuria na mabati ili wapite waende zao ziwani. Mwelekezi mwingine angeligeuza jambo hili kuwa kichekesho cha washamba waliohamia mjini. Essuman hakufanya hivyo. Amewaachia watoto wa Kibera Kiswahili chao cha Kibera, na lugha hiyo ikabeba hofu, aibu na mapenzi ya mtoto kwa baba aliyepotoka. Miaka michache tu baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Abila na rafiki yake Shiku walituonyesha Mluo na Mkikuyu wakisemezana bila yeyote kati yao kufanywa kikaragosi.

Nairobi Half Life (2012) ya Tosh Gitonga ina deni kwa vibanda kama hiki cha Otonglo. Mwas, mhusika mkuu aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anaanza kijijini akiuza filamu za kigeni na kuwaigizia wateja wake matukio ya filamu hizo. Ni binamu wa DJ Afro, ukipenda. Anapofika Nairobi anaibiwa, anafungwa, anakutana na Oti, na maisha yake yanagawanyika kati ya jukwaa la maigizo na genge la wezi wa vipuri vya magari. Ninachokisifu ni kwamba Mwas anaota kwa lugha ile ile anayoibia. Sheng yake ina matumaini, ina woga, ina utani. Haikuwekwa pale ili tumtambue mwizi. Hata hivyo, nina lalamiko moja. Kwa nini kijana wa mtaani lazima apitie seli ya polisi ndipo lugha yake ipate kamera? Msichana anayesomea uuguzi naye huongea Sheng. Filamu yake iko wapi?

Kwa Wanuri Kahiu nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ninamheshimu sana. Pumzi (2009) ni filamu fupi yenye macho makali: dunia ya baada ya vita, maji yamekuwa haba kuliko dhahabu, na mwanamke mmoja anajitolea ili mche uishi. Jina la filamu ni la Kiswahili. Maneno ya ndani ni ya Kiingereza. Nilipoitazama mara ya kwanza nilijiuliza: katika kesho hiyo inayofikiriwa kwa ajili yetu, Kiswahili kilikufa kwa kiu kabla ya watu? Kimebaki kama kibao mlangoni mwa nyumba ambamo hakiishi. Katika Rafiki (2018) Kahiu alirekebisha jambo hili. Filamu hiyo iliruka hadi Cannes huku ikipigwa marufuku nyumbani, na ubishi mwingi ulihusu maudhui yake. Sikio langu lilikuwa kwenye mazungumzo. Wasichana wale wawili wanachanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza jinsi vijana wa Nairobi wanavyochanganya kweli, na maneno ya moyoni hayahamishwi yote yakapelekwa kwenye Kiingereza.

Lakini nikilazimishwa kuchagua moja, nitachagua Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo ambaye ugonjwa wake hauna tiba, na anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama anamtoa hospitalini ili siku zake za mwisho azipitishe nyumbani, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu. Jambo hili lingeweza kutumbukia kwenye machozi ya bei rahisi. Halitumbukii, na sababu moja ni kwamba watu wa kijiji wanaongea kama watu wa kijiji. Wanabishana, wanatania, wanakosea, halafu katikati ya utani huo kifo kinapita. Ni Kiswahili cha kawaida kabisa kinachobeba mzigo mzito kuliko yote, ule wa kumuaga mtoto.

Upande wa Tanzania, Amil Shivji ana bahati ambayo wengi hawana. Vuta N’kuvute (2021) yake imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na Shafi ni fundi wa mazungumzo. Kwa hivyo Yasmin anayemkimbia mume mzee, na Denge anayepambana na wakoloni Unguja, wanafika kwenye filamu wakiwa tayari na ndimi zao. Kiswahili kinabeba mapenzi na siasa kwa pumzi moja, wala hakuna anayehitaji kuhamia Kiingereza ili aonekane ana akili. Lakini tusije tukadai kwamba kila mwelekezi wa Kenya aige Unguja. Mwas akiongea kama Denge, tutacheka tena, na safari hii kosa litakuwa letu.

Hata televisheni imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tamthilia ya Maria, iliyoanza kupeperushwa na Citizen TV mwaka 2019, ilimweka msichana wa mtaani ndani ya nyumba ya matajiri, na wote wakapendana, wakasalitiana na kugombania mali kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni. Ina mapungufu yake, hasa pale hadithi inaporefushwa kama mpira. Lakini ilithibitisha kwamba tajiri wa Kenya anaweza kukasirika kwa Kiswahili na mtazamaji asibadilishe stesheni.

Basi kwa nini waandishi wetu wengi wa miswada ya filamu bado huanza kwa Kiingereza? Wao watakuambia kwamba wafadhili na tamasha za ng’ambo husoma Kiingereza. Ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo ni vigumu kuitaja katika safu kama hii: wanatuogopa sisi. Wanamwogopa mwalimu wa Kiswahili.

Nina ushahidi, na unanihukumu mimi mwenyewe. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa akitengeneza filamu fupi kuhusu mama muuza omena na jaboya, yaani mvuvi anayedai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki. Mswada ulikuwa kwa Kiingereza. Siku mbili kabla ya kupiga picha alinijia. “Prof, nisaidie kutafsiri, nisikuaibishe.” Sentensi nzito kuliko zote ilikuwa ya yule mama, akimwambia jaboya kwamba yeye si mali yake. Mimi niliandika: “Wewe hunimiliki.” Sarufi haina doa.

Siku ya kupiga picha nilikuwepo ufuoni, kwenye kiti cha plastiki, nikiwa nimejaa fahari. Mwigizaji alikuwa mama ambaye kwa kweli huuza samaki. Alijaribu sentensi yangu mara tatu, ikamkwama kama mwiba wa mbuta. Mara ya nne aliitupa akasema: “Mimi si samaki yako.”

Kila mtu alinyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kutoka kitini: “Mama, ni samaki wako.”

Alirudia na “wako”. Sentensi ikafa. Yule kijana akanijia kwa adabu zote akaniambia, “Prof, kuna chai pale kwa mama chapati, hebu upumzike kidogo.” Nikaelewa. Nikaenda kunywa chai.

Nikiwa kwenye chai nilijipa somo la sarufi. Samaki ni kiumbe, kwa hivyo upatanisho sanifu ni wa ngeli ya A-WA: samaki wako. Sawa. Lakini sarufi hiyo hiyo inasema “rafiki yangu” na “ndugu yangu”, ingawa rafiki na ndugu ni watu wenye pumzi. Sheria tunayoilinda kwa rungu ina milango ambayo lugha yenyewe iliifungua zamani bila kutuomba ruhusa. Nami nilikuwa nimemnyima mama yule mlango mmoja, katika dakika aliyokuwa akijitetea.

Sisemi kwamba kila kosa ni usanii. Kuna miswada mibovu inayojificha nyuma ya Sheng kwa sababu mwandishi hana la kusema. Kuna vichanganyo vya lugha vinavyotiwa kama bizari, bila kujali anayeongea ni nani. Na darasani, insha itabaki insha, na “samaki yako” nitaipigia mstari mwekundu. Ninachosema ni kwamba mhusika si mtahiniwa. Tunapohukumu maigizo ya shule na filamu za vijana kwa kalamu ile ile ya kusahihisha insha, tunawafundisha kwamba Kiswahili ni lugha ya kuogopwa, na mtu halii kwa lugha anayoiogopa.

Yapo mambo tunayoweza kufanya. Mwandishi aandike mazungumzo ya kwanza kwa lugha ya mhusika, kisha amtafsirie mfadhili baadaye. Vyuo vyetu vifundishe uandishi wa miswada ya filamu kwa Kiswahili. Na mhusika akizungumza Dholuo au Kiturkana, tafsiri inayoandikwa chini ya picha iwe pia kwa Kiswahili, ili mtazamaji wa Otonglo na wa Lamu waelewane bila kupitia London.

Filamu ile fupi ilionyeshwa hapa kibandani mwaka uliofuata. Nilikaa benchi la nyuma. Ilipofika sehemu ile, nilitega sikio kusubiri kama kuna atakayecheka lafudhi ya mama yule. Hakuna aliyecheka. Mwelekezi alikuwa amechukua ile mara ya nne. “Mimi si samaki yako.” Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisema “Eee” kwa sauti ya chini, na mwenye kibanda akanigeukia: “Japuonj, hiyo imeweza.”

Sikumsahihisha.