Pua ya Panya Buku, Subira ya Mwalimu

Kwa mkulima, panya buku ni mwizi. Hutoka shimoni usiku, hujaza mashavu mahindi na karanga mpaka yavimbe, kisha hurudi kuficha alichoiba katika ghala lake chini ya ardhi. Macho yake ni dhaifu. Riziki yake yote inategemea pua: kwa pua hutafuta chakula gizani, na kwa pua hukipata tena alikokifukia. Pua hiyohiyo imempa mnyama huyu heshima Msumbiji, Angola na Kambodia, ambako leo watu wanalima mashamba ambayo zamani hayakukanyagika kwa sababu ya mabomu.

Wengi wetu tumesikia habari za mbwa aliyebweka kabla ya balaa, au ng'ombe waliogoma kuvuka mto ambao baadaye ulifurika. Husemwa kwamba mnyama ameiona hatari kabla yetu. Panya buku wanaofundishwa kutafuta mabomu huko Morogoro wanatupa jibu lenye uzito kuliko simulizi hizo, kwa kuwa wao wamepimwa tena na tena. Wananusa kweli kile ambacho pua ya binadamu haikipati. Ila hawajui kwamba ni hatari. Harufu ya baruti haiwatishi hata kidogo. Kwao ni dalili kwamba ndizi iko karibu. Aliyeiunganisha harufu hiyo na ndizi, siku baada ya siku, ni mwalimu. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu.

Wazo lenyewe lilianzia Ubelgiji. Bart Weetjens, aliyekuwa akifuga panya tangu utotoni, aliwaza kwamba mnyama mwepesi mwenye pua kali angeweza kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka 1997 shirika la APOPO lilianzishwa, na mwaka 2000 kazi ikahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kushirikiana na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Panya buku alichaguliwa kwa sababu za msingi: ni mnyama wa Afrika, hustahimili magonjwa ya kwetu bila taabu, huishi hadi miaka minane akitunzwa vizuri, na hamng'ang'anii bwana mmoja kama mbwa. Mwalimu akibadilishwa, kazi inaendelea.

Masomo huanza mtoto wa panya akiwa na umri wa wiki tano hivi. Kwanza hafundishwi kunusa chochote. Hubebwa mikononi, huzoeshwa sauti za watu, ngurumo za magari, majani na udongo wa nje, mpaka mnyama wa usiku awe mtulivu mchana. Kisha hufundishwa maana ya mlio. Mwalimu anashika kidude kidogo kinacholia "tik" kikibonyezwa. Mlio, halafu chakula: ndizi iliyopondwa pamoja na karanga. Baada ya kurudiarudia, panya akisikia mlio tu hugeuka mwenyewe kuifuata ndizi yake.

Hapo ndipo harufu inapoingizwa. Panya huletewa tundu lenye harufu ya TNT, baruti iliyomo ndani ya mabomu. Akitia pua na kutulia, mlio. Baadaye matundu huongezwa, mengine yakiwa na harufu nyingine, naye hana budi kuyapita yasiyohusika na kusimama kwenye lililo sahihi. Akifaulu, huhamia kwenye boksi la mchanga, na kutoka hapo kwenda uwanjani, ambako mabomu halisi yaliyokwisha kulemazwa yamefukiwa ardhini. Huko anatakiwa kukwaruza udongo pale anapopata harufu. Safari hii yote huchukua takriban miezi tisa.

Ukitazama kwa makini, utaona kwamba siri iko katika kidole cha mwalimu. Mlio ukichelewa kidogo tu, panya ameshainua kichwa, na alichofundishwa ni kuinua kichwa. Ukiwahi mno, amefundishwa kupita bila kuhakikisha. Ukitolewa kwa huruma, kwa sababu mnyama amehangaika tangu asubuhi na mwalimu anatamani naye aonje ndizi, basi amefundishwa uongo. Uongo huo hautaonekana siku hiyo. Utaonekana katika shamba la mtu, nchi ya mbali, na atakayeulipia ni mtoto aliyetumwa kuni. Kwa hiyo mwalimu mzuri ni mkweli kwa mnyama wake kila mara, hata pale ambapo hakuna anayemtazama.

Ukweli huo hukaguliwa. Katika mtihani wa mwisho, wanaomwongoza panya hawaambiwi mabomu yamezikwa wapi. Anayejua hupunguza mwendo bila kukusudia, au hukaza kamba kidogo, na mnyama huisoma ishara hiyo upesi kuliko tunavyodhani. Panya anayepita juu ya bomu bila kulikwaruza hafaulu, na hurudishwa mazoezini.

Kazini, waongozaji wawili husimama wakitazamana, kila mmoja kwenye njia iliyokwisha kusafishwa, na kamba imevutwa kati yao. Panya amefungwa mkanda kifuani, na mkanda umeunganishwa na kamba hiyo. Hutembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, pua ikigusa ardhi. Waongozaji wanasogea hatua ndogo, naye anarudi. Kazi hufanywa asubuhi kabla jua halijawa kali, na masikio na mkia wake hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Akisimama na kukwaruza, mahali hapo huwekwa alama, na wataalamu wa kutegua mabomu hufuata baadaye. Uzito wake wa kilo moja na ushei hautoshi kulipua bomu lililotegewa mguu wa mtu. Tena tofauti na mashine ya kutambua chuma, ambayo hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, yeye hujali baruti tu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa hivi. Mtu mwenye mashine anaweza kuhitaji hadi siku nne.

Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yaliyojulikana, na panya kutoka Morogoro walikuwa na sehemu katika kazi hiyo. Mmoja wa ndugu zao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, na huko aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka uliofuata na akafa Januari 2022.

Tangu mwaka 2007 pua hiyo inatumika pia dhidi ya kifua kikuu nchini Tanzania. Sampuli za makohozi kutoka kliniki huchemshwa kwanza ili kuua vijidudu, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya hupita tundu kwa tundu, na akigundua harufu ya ugonjwa husita hapo kwa sekunde chache. Anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na miongoni mwa alizozisimamia hupatikana wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Maabara huthibitisha kabla mgonjwa hajaambiwa lolote.

Hapa uaminifu wa mwalimu unaonekana wazi zaidi. Katika kila safu huwekwa sampuli kadhaa ambazo inajulikana kwa hakika kwamba zina ugonjwa. Panya akisita juu ya hizo, hupewa ndizi. Akisita juu ya sampuli ambayo jibu lake bado halijulikani, hapewi kitu. Matokeo huandikwa tu. Mwalimu halipi asichokijua. Kumlipa kwa kubahatisha kungemfundisha mnyama kubahatisha, na mgonjwa ndiye angepotea.

Wanyama, basi, wanahisi mengi yaliyofichika kwetu. Hilo si jambo la kubishania tena. Lakini kwa maelfu ya miaka panya buku alinusa ardhi yetu bila kumwokoa mtu, mpaka walipopatikana watu wenye subira ya kumsikiliza na uadilifu wa kutomdanganya. Wengi wa walimu hao ni Watanzania, na majina yao hayajachongwa kwenye nishani yoyote. Utakaposikia tena kwamba panya ameokoa maisha, msifu panya, kisha uulize ni nani aliyemfundisha. Sifa hiyo ni ya wawili.