Mwalimu, Mwanafunzi na Sauti: Uhakiki wa Mchezo wa "Master Class"

Yako masomo machache yanayomdai mwanafunzi imani kubwa kama somo la kuimba. Anayejifunza kupiga kinanda akikosea, kinanda hubaki mahali pake, na kesho hukirudia. Anayejifunza kuimba hana chombo kingine ila mwili wake mwenyewe: pumzi, koo na kinywa. Tena hawezi kuisikia sauti yake kama wengine waisikiavyo, kwa maana yeye huisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake. Hana budi kuazima masikio ya mwalimu. Akiambiwa kwamba ameimba vema, huamini; akiambiwa kwamba hafai, huamini vilevile. Mwalimu basi amekabidhiwa amana, naye aweza kuitunza au kuiharibu.

Jambo hili ndilo kiini cha mchezo wa kuigiza uitwao "Master Class", ulioandikwa na Mmarekani Terrence McNally (1938–2020). Ulionyeshwa Broadway, New York, mwaka 1995, na mwaka 1996 ukapata tuzo ya Tony ya mchezo bora. Sisi tumeusoma katika maandishi, hatukuuona jukwaani. Hata hivyo twaona kwamba unastahili kusomwa na wachungaji na wanafunzi wa theologia, ingawa hauna neno la dini ndani yake.

Mchezo wamhusu Maria Callas (1923–1977), mwimbaji mashuhuri wa opera, mzaliwa wa New York wa wazazi Wayunani. Aliimba opera kwa mara ya mwisho mwaka 1965. Kati ya Oktoba 1971 na Machi 1972 aliwafundisha waimbaji vijana 25 katika chuo cha muziki cha Juilliard, New York, mbele ya watu waliokuja kusikiliza. McNally amelichukua tukio hilo na kuwabuni wanafunzi watatu. Wa kwanza, Sophie, anafungua kinywa aimbe, na papo hapo Callas anamkatiza. Wa pili, Sharon, amekuja na gauni la sherehe. Anaambiwa atoke aingie upya, naye anashindwa na kukimbia. Wa tatu, kijana Tony, anakataa kufukuzwa, anaimba, na mwalimu anaguswa. Kisha Sharon anarudi kuimba sehemu ya Lady Macbeth katika opera ya Verdi.

Nguvu ya mchezo huu iko katika jambo moja ambalo mwandishi amelipanga kwa akili nyingi. Mara mbili, mwanafunzi anapoimba, mawazo ya Callas yanamwacha na kurudi kwenye maisha yake mwenyewe: ushindi wake La Scala, ndoa yake, mapenzi yake na Onassis, na majeraha yake. Hapo mtazamaji hamsikii mwanafunzi tena. Anaisikia sauti ya Callas mwenyewe kutoka katika rekodi za zamani. Msichana yuko mbele yake, ametoa yote aliyo nayo, lakini mwalimu hayupo. Amejisikiliza mwenyewe. Hatujui picha nyingine iliyoeleza kwa ufupi namna hii dhambi ipatayo waalimu wa kila aina.

Mwishoni Sharon anajibu. Anamwambia Callas waziwazi kwamba hampendi, na kwamba kwa kuwa ulimwengu ulikuwa wa hatari kwake, anataka uwe wa hatari kwa kila mtu. Kisha anaondoka. Wako watakaoona hapo utovu wa adabu. Sisi twaona kwamba yeye peke yake ndiye aliyetimiza wajibu wake hadi mwisho: alirudi baada ya kuaibishwa, akaimba, akasema kweli.

Hata hivyo tuna malalamiko mawili. Kwanza, mchezo haumtendei haki Callas halisi. John Ardoin alikusanya mafundisho hayo ya Juilliard katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, na kanda za sauti zipo pia. Humo twamkuta mwalimu mkali lakini mvumilivu, anayeshughulika na neno, pumzi na mstari wa wimbo, wala si mtu wa kujisimulia. Mwandishi wa michezo ana uhuru wake. Lakini sisi tuliofundishwa Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo hatuwezi kusahau kwamba marehemu naye ana jina. Pili, McNally anamwachia mwalimu neno la mwisho. Sharon akiisha kuondoka, Callas anahutubia darasa kwa maneno mazuri kuhusu sanaa, na watazamaji wanamhurumia. Mateso ya mwalimu yaweza kueleza ukali wake; hayawezi kumwondolea hesabu ya mwanafunzi aliyeumizwa.

Kwa nini tunaandika haya katika jarida la chuo cha theologia? Kwa sababu mhubiri naye hana chombo ila mwili wake. Katika darasa la homiletiki mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na kutoa mahubiri ya mazoezi, nasi tumekaa na kalamu mkononi. Tunakumbuka siku tuliyomkatiza mmoja wao katikati ya sentensi ya pili, tukaiga sauti yake, na darasa zima likacheka. Tulidhani kwamba tunamrekebisha. Kumbe tulikuwa tukimlipisha yeye deni la mwalimu mmoja aliyetufanyia vivyo hivyo tulipokuwa vijana. Tangu siku ile mwanafunzi huyo alisoma mahubiri yake neno kwa neno, macho yakiwa kwenye karatasi.

Isidhaniwe kwamba dawa ya ukali ni sifa za bure. Mwalimu wa kwaya anayewaacha waimbaji wa sauti ya kwanza wapige kelele mazoezi baada ya mazoezi, mpaka Pasaka inapofika wamekauka koo, naye ameisaliti amana, hata kama anapendwa na wote. Callas mwenyewe alipokuwa msichana huko Athene alisoma kwa Elvira de Hidalgo, naye alizoea kukaa tangu asubuhi akisikiliza masomo ya wanafunzi wengine. Mtu hakai hivyo kwa mwalimu anayemdanganya, wala kwa mwalimu anayemdhalilisha. Kusahihisha ni wajibu. Swali ni hili: je, twasahihisha kosa lililo mbele yetu, au twamwadhibu mtu kwa ajili ya jambo asilolijua?

Luther, katika barua yake ya mwaka 1530 kwa mtunzi Ludwig Senfl, aliiweka muziki karibu kabisa na theologia. Mara nyingi tunalitaja jambo hilo ili kuzisifu kwaya zetu. Latupasa pia kuona kwamba kazi hizi mbili zina hatari moja, nayo Mtume Yakobo aliionya katika sura ya tatu ya waraka wake: waalimu watahukumiwa kwa kipimo kizito zaidi.

Kabla ya mwanafunzi yule kubarikiwa kuwa mchungaji tulimwendea, tukamwomba radhi. Alitusamehe upesi kuliko tulivyostahili. Baadaye tulipata nafasi ya kuhudhuria ibada katika usharika wake. Alihubiri vizuri, Injili ikasikika. Lakini bado alisoma, na hakuinua macho mpaka alipofika Amina. Twawasihi waalimu wenzetu wausome mchezo huu kabla ya muhula kuanza.