Chombo Kisichouliza Mengi: Jinsi ya Kupima Faragha ya Simu na Apu Ukiwa Salgaa

Lori la mizigo ya nje likiegeshwa usiku Salgaa, kituo cha malori, dereva hulala lakini sili iliyofungwa kwenye mlango wa kontena haifumbi jicho. Tangu 2017, mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo, na sili hiyo ya kielektroniki hutangaza mahali mzigo ulipo hadi mwisho wa safari. Ikichezewa, maafisa hupata habari papo hapo. Dereva hakuichagua, lakini anajua mambo matatu kuihusu: inafuatilia mzigo, habari zake zinakwenda kwa mamlaka ya kodi, na mzigo ukifika itafunguliwa.

Simu yake haina uwazi huo. Inajua alikolala, anaowapigia, kliniki aliyoingia na deni analodaiwa, naye hawezi kusema habari hizo zinafika kwa nani wala zitafutwa lini. Hata hivyo, simu na apu ni vitu anavyochagua mwenyewe, na anayechagua anaweza kujifunza kutofautisha chombo kizuri na kibovu.

Mwongozo huu ni wa dereva, utingo, mama wa hoteli, wakala wa M-Pesa na yeyote asiyetaka maisha yake yawe bidhaa ya kampuni kubwa. Msimamo wangu ni huu: chombo bora ni kile kinachofanya kazi yake bila kujua jambo kisilolihitaji. Bei na jina la kampuni huja baadaye.

Maswali matatu

Mbele ya chombo chochote, uliza: Kinataka kujua nini? Habari hizo anazipata nani? Zitafutwa lini?

Maswali haya yana msingi katika sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 25, inataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyotajwa wazi, kwa kiasi kinachohitajika tu, na zisihifadhiwe kupita muda wa haja. Kwa hiyo ukimuuliza mtu, "Nambari ya kitambulisho changu ni ya nini?" humkosei adabu. Unadai kilicho chako.

Zoeza jicho kwa tochi

Anza na apu ndogo kabisa. Kazi ya tochi ni kuwasha taa, basi. Lakini mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni iitwayo Goldenshores, ambayo tochi yake ilikuwa imepakuliwa na makumi ya mamilioni ya watu. Tochi hiyo ilikuwa ikiwapa watangazaji habari za mahali mtumiaji alipo na utambulisho wa simu yake, na mwenyewe hana habari. Taa ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Ndiyo sababu apu haipimwi kwa kazi unayoiona peke yake.

Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, ingia Faragha, kisha Kidhibiti cha ruhusa. Utaona mafungu: mahali, kamera, maikrofoni, SMS, majina na nambari ulizohifadhi. Gusa "mahali", usome apu moja baada ya nyingine, na kila moja uipime kwa kazi yake. Ramani inahitaji kujua ulipo, lakini unapoitumia tu. Kikokotoo hakihitaji kabisa. Apu ya nyimbo za dini haina haja na orodha ya jamaa zako.

Kisha ijaribu kwa kuikatalia. Apu iliyotengenezwa vizuri ikinyimwa ruhusa isiyo ya lazima huendelea na kazi. Ile mbovu hugoma, au hukuomba tena kila unapoifungua. Ikigoma, imeshakujibu, iondoe. Simu zenye Android 12, iliyotoka 2021, na kuendelea huonyesha nukta ya kijani juu ya kioo kamera au maikrofoni inapotumika, na zina ukurasa unaokuonyesha apu gani imegusa nini katika saa 24 zilizopita. Ukiiona nukta nawe hupigi picha wala huongei na mtu, fungua ukurasa huo umtafute mhusika.

Simu ya kununua

Wengi huamini kabambe, simu ndogo ya vitufe, ndiyo simu ya siri kuliko zote. Ni kweli nusu. Kabambe haina apu za kukuchungulia, chaji yake hukaa siku kadhaa, na ni mahali pazuri pa kuweka laini ya pesa mbali na simu ya mitandao. Lakini simu na SMS zake hupita kwa kampuni ya laini bila kufumbwa kwa namna ambayo ninyi wawili tu mnaweza kuzisoma. Kwa kutunza pesa, kabambe ni bora. Kwa mazungumzo ya siri, haifai.

Kwa simu janja, usianze na ukubwa wa kamera. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, nyufa nyingi zilizogunduliwa tangu wakati huo bado ziko wazi, hata kama kioo kinang'aa na bei imeshuka. Muulize muuzaji kampuni imeahidi masasisho hadi mwaka gani. Anayejua biashara yake atakujibu.

Simu mpya ya bei ya chini nayo ichunguzwe. Mwaka 2019 Google yenyewe ilieleza jinsi programu hatari iitwayo Triada ilivyopenyezwa kwenye simu fulani kabla hazijafika kwa wanunuzi. Ukikuta apu ngeni isiyokubali kuondolewa, na matangazo yanaruka kwenye kioo hujafungua chochote, irudishe siku hiyo hiyo. Kwa simu ya mtumba, piga *#06# ulinganishe nambari inayotokea na ile iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi. Zisipolingana, iache.

Ujumbe na ramani

WhatsApp ni chombo kizuri chenye mmiliki mwenye njaa ya habari. Tangu 2016 maneno yenu hufumbwa kutoka simu hadi simu, na kampuni haiyasomi njiani. Hilo ni jambo kubwa na lisidharauliwe. Ila WhatsApp ni mali ya Facebook, ambayo sasa ni Meta, tangu 2014, na kampuni bado inaweza kujua unaongea na nani na saa ngapi. Tena nakala rudufu inayopelekwa Google haifumbwi kwa njia hiyo mpaka uiwashe mwenyewe. Ingia mipangilio ya gumzo, sehemu ya nakala rudufu, uwashe ufumbaji na uweke nenosiri usilolisahau.

Signal ina daraja la juu zaidi. Inaendeshwa na wakfu usiotafuta faida, ambao Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, aliupa dola milioni 50 mwaka 2018. Msimbo wa programu yake uko wazi kwa mtaalamu yeyote kuukagua. Mwaka 2016 ilipodaiwa na mahakama ya Marekani habari za mtumiaji, ilichoweza kutoa ni wakati akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa. Haikuwa na kingine cha kutoa, na huo ndio ushahidi mzuri kuliko tangazo lolote. Telegram inasifiwa sana kwa siri, lakini mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye mitambo ya kampuni bila ufumbaji wa mwanzo hadi mwisho.

Kwa ramani, pakua Organic Maps. Unaiwekea ramani ya Kenya na Uganda mara moja ukiwa na intaneti, kisha inakuongoza bila bando na bila kumwambia mtu ulipo. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, kazi ya kujitolea iliyoanza 2004. Vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao humo mwaka 2009.

Kaunta, saiba na fundi

Si hatari zote zimo ndani ya kioo. Litazame daftari la wakala lililofunguliwa juu ya kaunta. Unapotia sahihi, mstari wa juu yake una habari za aliyekutangulia: nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, kiasi alichotoa. Atakayekuja nyuma yako atazisoma zako. Wakala mzuri hufunika mistari iliyotangulia kwa kipande cha karatasi na humwachia mteja nafasi ya kuandika tu. Ukimpata wa namna hiyo Salgaa, mpelekee biashara. Na mteja wa Safaricom apige *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asiyoijua airipoti.

Saiba hujaa mwezi Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Saiba bora ni ile ambayo mhudumu hukugeuzia kibodi uandike nenosiri mwenyewe, kisha hufuta faili zako mbele ya macho yako. Anayeandika nywila za wateja kwenye kitabu ili "kuwasaidia mwaka ujao" anawaweka hatarini, hata kama nia yake ni njema. Ukichapisha kitu kupitia WhatsApp, kabla hujatoka fungua kwenye simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uitoe kompyuta hiyo. Fundi wa simu naye apimwe hivyo hivyo: anayebadilisha kioo hahitaji kubaki na PIN yako. Fundi mwadilifu hukuita uifungue mwenyewe wakati wa kujaribu.

Mikopo ya simu

Hapa ndipo uchaguzi mbaya umewaumiza Wakenya wengi zaidi. Apu inakupa pesa kidogo, inachukua orodha yako ya nambari, na ukichelewa kulipa inawapigia mama mkwe, mwajiri na jirani. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimekataza wakopeshaji kutumia orodha ya nambari za mteja kwa njia hiyo. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine na kutuma vitisho.

Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Hayumo? Usiendelee. Yumo lakini anadai nambari za jamaa zako zote? Usiendelee vilevile. Na kama habari zako zimeshatumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Hulipii chochote, unaweza kuyatoa hata kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Huwezi kuyafanya haya yote kwa siku moja, wala huhitaji. Anza na ruhusa ya majina na nambari ulizohifadhi. Fungua Kidhibiti cha ruhusa leo uzinyang'anye apu zote isipokuwa zile unazotumia kupiga simu na kutuma ujumbe. Habari zako ukiamua kuzitoa, ni uamuzi wako. Lakini nambari za mkeo, ndugu zako na wenzako wa barabarani si zako kuzigawa. Walikupa wewe, hawakuipa kampuni.