Muhammed Said Abdulla na Suala la Nani Ana Haki ya Kuuliza katika Riwaya za Bwana Msa

Tahakiki nyingi za riwaya ya upelelezi ya Kiswahili zinapomfikia Muhammed Said Abdulla (1918–1991) huishia kwenye kiko. Bwana Msa anavuta kiko, ana sahibu yake Najum, basi ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Kauli hiyo si ya uongo. Hata hivyo, imemwondolea mhakiki wajibu wa kuyatazama maisha ya mtunzi mwenyewe.

Abdulla alizaliwa Makunduchi. Baada ya masomo aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mkaguzi huamini alichokiona na kukinusa. Neno la muuzaji halimtoshi. Tabia hiyo ndiyo inayotawala Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wanaingiwa na hofu, naye Bwana Msa anawatafuta binadamu nyuma ya hofu hiyo. Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 Abdulla alihariri Mkulima, jarida la kilimo. Tajriba hii isitumiwe kuielezea riwaya ya kwanza, kwani ilikuja baadaye. Inafaa zaidi kusomwa sambamba na Kisima cha Giningi (1968), ambamo jina la Giningi, lenye sifa ya uchawi visiwani, linamtia msomaji mashaka kabla hajafungua ukurasa. Fumbo la Abdulla hukaa zaidi katika nasaba, urithi na siri za ndoa. Hapo Holmes hatusaidii sana.

Ulinganisho wenye tija zaidi, kwa maoni yangu, ni na Mfaransa Paul-Jacques Bonzon (1908–1978), mwalimu wa shule aliyewaandikia watoto. Mwaka 1961 alianzisha mfululizo wa Les Six Compagnons, unaowahusu watoto wa Croix-Rousse, mtaa wa Lyon uliojulikana kwa wafumaji wa hariri. Wapelelezi wake ni Tidou, wenzake na mbwa Kafi: watoto wa watu wa kawaida ambao hakuna mkubwa aliyewapa idhini ya kuuliza.

Kwa Abdulla idhini hiyo ina mwenyewe. Bwana Msa si askari, lakini umri, lugha na heshima humfungulia milango ya majumba. Watumishi kwa kawaida hutoa habari; hitimisho hutolewa na bwana. Udhaifu huu ni mzito kuliko deni lolote kwa Conan Doyle, hasa tukikumbuka kwamba riwaya zote isipokuwa ya kwanza zilichapishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ilhali mashamba, urithi na uungwana vimeendelea kuwa uwanja wake mkuu.

Fikiria mwanafunzi wa Mikese, kando ya Reli ya Kati, mwenye Kiluguru nyumbani. Kiunguja cha Abdulla, chenye utani na misemo mingi, kitampa kazi, na kazi hiyo ina faida. Kuhusu mzimu atamwelewa Bwana Msa mara moja, maana hofu ya namna hiyo haihitaji tafsiri milimani Uluguru. Atakachokikosa ni mhusika wa rika lake na wa hali yake anayeruhusiwa kusema kwamba wakubwa wamekosea.